Baba alirudi na Kisukuma

Neno la kwanza baba kulitamka baada ya kiharusi lilikuwa "gete". Kwa asiyejua, gete ni Kisukuma, ni kama kusema "kweli" au "kabisa". Ukimshukuru mtu sana unasema wabeja gete. Ila baba hakuwa anamshukuru mtu. Nilimuuliza kama anataka maji, akasema gete. Nikampa, akafunga mdomo. Nikamuuliza, kwa hiyo hutaki? Gete. Mguu unauma? Gete. Unanijua mimi ni nani? Gete. Wiki tano hilo ndilo lilikuwa neno lake pekee, mpaka tukazoea kulisoma kwa sauti yake: gete fupi ilikuwa "niondokeeni", gete ya kuvuta ilikuwa "usiondoke kwanza".

Ilikuwa Aprili 2022, mvua zimekolea. Mdogo wangu alimkuta kijijini kwetu Sengerema saa 12 asubuhi, ameketi kwenye tope la zizi, mgongo kauegemeza kwenye gogo la mlango, mkono wa kulia umelala pajani kiganja kikitazama juu, mdomo umevutwa upande. Walimwingiza ndani, wakamfunika blanketi, jirani mmoja akamchua kwa samli. Mimi nilipigiwa simu saa 3. Nilikuwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nimesimama mbele ya mizani napima magunia ya dagaa wa mteja. Nakumbuka gunia lililokuwa juu ya mizani siku ile, lilikuwa limeshonwa kwa kamba nyekundu. Uzito wake sikuuandika.

Gari lilipatikana, likaja mpaka Busisi, likapanga foleni ya kivuko. Waliovuka pale enzi hizo wanajua: unaiona Kigongo ng'ambo, unakiona kivuko chenyewe kinakuja mdogo mdogo kama vile hakina habari na wewe, na pembeni nguzo za daraja zimeshaota majini lakini juu yake hakuna kitu. Mdogo wangu anasema mama mmoja alileta karanga dirishani, baba akamtazama kwa adabu yote, kama anayetaka kuuliza bei.

Waliingia hospitali ya rufaa saa 9 alasiri. Daktari hakuuliza kilichotokea. Aliuliza, "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?" Nikadhani anatulaumu, nikamjibu vibaya, na bado naona aibu. Kumbe swali lile ndilo lenye kazi. Kiharusi kipo cha mshipa wa ubongo kuziba na cha mshipa kupasuka. Cha kuziba ndicho kingi zaidi, na ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini ina mwisho wake: saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na ukimpa mtu ambaye mshipa umepasuka, umemmaliza, ndiyo maana kichwa lazima kipigwe CT-scan kwanza. Sasa mtu aliyeagana na watu saa 2 usiku akiwa mzima, akakutwa saa 12 asubuhi yuko chini, saa zake zinahesabiwa kuanzia saa 2 ya usiku. Maana yake tulikuwa tumechelewa kabla hata gari halijawashwa. Nikisikia mtu anamlaumu mdogo wangu kwa ile samli, au analaumu kivuko, huwa namweleza hesabu hiyo taratibu.

Picha ilionyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Kushoto ndiko kunakoendesha mwili wa kulia, na kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa.

Sikulia siku ya picha. Nililia kwa sababu ya kopo.

Wiki ya pili mdogo wangu alileta kutoka kijijini kopo la biskuti ambalo baba huweka karatasi zake, tukitafuta kadi ya bima. Ndani mlikuwa na stakabadhi za pamba za miaka ya 1980, kadi ya chama cha msingi, picha ya mama. Na chini kabisa, dawa zake za presha. Mwaka 2019 alipimwa akakutwa na 190 kwa 110, na mtu akivuka 140 kwa 90 tayari anahesabiwa ana presha ya juu. Tangu hapo kila mwezi nilimtumia dawa kwa gari la Sengerema. Zilikuwepo zote. Karatasi zake hazijatobolewa hata kidonge kimoja, amezipanga mwezi kwa mwezi, kila mwezi umefungwa mpira wake. Baba alikuwa karani wa mizani, mzigo ukimfikia anauhesabu na kuuhifadhi. Na mimi kila mwezi nilimpigia simu, "Baba, dawa zimefika?" Akanijibu zimefika mwanangu, Mungu akubariki. Sikuwahi kumuuliza kama anazimeza. Presha haiumi, na mzee ambaye haumwi hamezi dawa. Hakunidanganya hata siku moja.

Wakati huo nilikuwa naishi Mabatini, mlimani. Mwanza tunajisifia miamba, na kweli inapendeza kwenye picha, lakini nyumba zetu za juu zimebanwa kati ya majabali ambako gari halifiki, na pikipiki yenyewe inaishia njiani. Kodi ni nafuu na upepo wa ziwa unaupata bure. Siku ya kutoka hospitali tulimpandisha baba kwenye kiti cha plastiki, tumemfunga kifuani kwa khanga, vijana wanne wamekamata miguu ya kiti. Katikati wakamtua juu ya jiwe bapa wapumue. Hapo unaliona ziwa lote mpaka kule linapochanganyika na mbingu. Baba akalitazama. Mmoja wa vijana akasema, "Mzee, leo wewe ni chifu," baba akacheka, kisha kicheko kikagoma kuisha, akacheka mpaka machozi, mpaka vijana wakaacha kucheka. Ule nao ni ugonjwa. Kiharusi kinaweza kuvunja breki ya kicheko na kilio, mtu akacheka msibani akalia harusini bila moyo wake kuhusika. Hatukuwa tumeambiwa. Shangazi aliposimuliwa, alisema waziwazi kwamba kaka yake ana kitu kichwani na ni cha kutumwa, na kwamba yupo mtu Kwimba anayekitoa. Sikubishana naye. Nilimwambia tumalize kwanza dawa za hospitali, na yeye kwa upande wake akaja na majani ya kuogea yaliyonukia vizuri, tukayatumia. Mtu aliyelala muda mrefu anahitaji kunukia vizuri.

Mwanza ni jiji zuri ukiwa na miguu miwili. Kila siku ya kliniki nililipa vijana wanne kushuka na vijana wanne kupanda. Miezi miwili, nikahamia Nyakato, tambarare, chumba kidogo kuliko cha mwanzo, joto, lakini bajaji inafika mlangoni.

Nilijifunza mambo ambayo sikujua kama ni elimu. Kwamba mgonjwa hageuzwi unapokumbuka, anageuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, la sivyo mgongo na visigino vinatoboka vidonda. Kwamba shati unaanza kuvalisha mkono uliolala, na kuvua unaanza na mzima. Kwamba usimnyanyue kwa kumvuta kwapa, bega lililolegea linachomoka bila wewe kusikia. Kwamba maji, hayohayo maji ya kunywa, ndiyo ya hatari kuliko chakula kizito, kwa sababu yanakimbia na koo la mgonjwa wa kiharusi linachelewa, yanaingia kwenye mapafu. Uji uwe mzito, aketi wima, kidevu akishushe, na akimaliza asilazwe kwa nusu saa. Nilikuwa namtazama koo tu. Koromeo likipanda na kushuka, napumua, nachota kijiko kingine. Kikombe kimoja cha uji wa ulezi kilichukua dakika 40.

Na ule mkono wa kulia. Zamani wakati wa msimu wa pamba, mkulima akitua gunia, baba alikuwa anazamisha mkono ule ndani mpaka kiwikoni kabla hajalipandisha kwenye mizani. Wapo waliolowesha pamba maji ili izidi uzito, wapo waliotia mchanga, hata mawe. Mkono ulikuwa unajua. Anauchomoa, anasugua vidole, anamwambia mtu kwa upole, "Nenda kaanike, urudi." Sasa ulikuwa umejikunja ngumi, kucha zinaingia nyamani, na ndani ya kiganja kuna jasho la kunuka kama maziwa yaliyoharibika. Kila asubuhi nilifungua kidole kimoja kimoja. Ukilazimisha unazidi kukaza. Unashika kifundo, unakikunja kidogo, unasubiri, vidole vinaachia vyenyewe. Nikaosha, nikakausha, nikamshikisha kitambaa kilichoviringishwa.

Kuogesha ndiko kulikotushinda. Mimi ni binti yake. Nilimpata kijana wa jirani anayechota maji, nikamlipa, akawa anakuja asubuhi na wanafunga mlango. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka kijana alipopata msiba kwao. Siku ya kwanza nilimfuta uso na miguu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu chumba kilikuwa na harufu ambayo wote wawili tulijifanya hatuisikii. Nikafunga dirisha, nikamtandikia kitenge juu yake kuanzia kifuani mpaka magotini, nikaingiza mkono wenye kitambaa chini ya kitenge na kuosha bila kutazama, macho yangu nimeyaelekeza kwenye kalenda ukutani. Alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nilipofika kubadilisha maji akasema, kwa sauti ndogo, "Mayu."

Mayu ni mama. Pia ndivyo mwanamke anavyoitwa kwa heshima. Na mimi nimerithi jina la bibi, mama yake mzazi, na nilipokuwa mdogo alikuwa ananiita hivyohivyo. Kwa hiyo sijui aliyekuwa anamwita chumbani mle alikuwa nani. Bibi mmoja jirani yetu, muuza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, nilipomsimulia alinikatiza: "Usimuulize. Akikujibu utaumia, asipokujibu utaumia."

Huyu bibi ndiye aliyetufungulia njia, na hakujua. Baba alikuwa barazani siku hiyo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameshajaribu kumhesabisha: moja, mbili, tatu, inua mguu. Baba kimya. Hapohapo nje bibi anamhesabia mteja mafungu ya michembe, kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, akakohoa. Akiwa bado anakohoa tukasikia sauti nyuma yetu: "Ine. Itano. Itandatu. Mpungati." Akaenda mpaka ikumi, sauti imenyooka, hakuna kigugumizi. Bibi akageuka akasema, "Ee, karani kaamka."

Usiku ule nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Mambo yaliyokaririwa, kama kuhesabu, kusali, kusalimia, kuimba na hata kutukana, mara nyingi yanabaki wakati maneno ya kujitungia mwenyewe yamepotea. Nikamkuta daktari Mfaransa, Paul Broca, ambaye mwaka 1861 alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa na neno moja tu, "tan", kwa kila swali. Nikacheka peke yangu gizani. Paris walikuwa na tan, Nyakato tuna gete. Nikasoma pia kwamba mtu mwenye lugha zaidi ya moja si lazima zirudi pamoja. Kuna ambao lugha ya utotoni inatangulia, kuna ambao inatangulia ile waliyoitumia zaidi, na kuna ambao zinarudi zote kwa mwendo mmoja.

Ya baba ilitangulia ya utotoni. Hapo ndipo nilipokasirika. Sikukasirikia ugonjwa, nilimkasirikia yeye.

Kwa sababu yeye ndiye aliyetukataza Kisukuma. Nyumbani kwetu ilikuwa marufuku. Alikuwa na Kiswahili safi cha makarani, cha kuandika barua kwa wino, cha kusoma gazeti kwa sauti barazani, na aliamini kwamba mtoto akizoea Kisukuma atachelewa shule na kuchekwa mjini. Mimi nilipelekwa Mwanza kwa mama mdogo nikiwa darasa la tatu. Mdogo wangu aliyebaki na ng'ombe ndiye aliyekiokota kwa wachungaji wenzake. Mimi nabaki na salamu ya mwangaluka na wabeja, vitu vya kumfurahisha mteja Mwaloni. Sasa baba anazungumza, sentensi nzima, zina swali ndani yake, anasubiri jibu, na mimi natikisa kichwa kama mgeni. Wataalamu wa tiba ya kuongea ni wachache mno nchini, na hata ningempata mmoja Mwanza, angemfundisha baba Kiswahili. Mimi ndiye niliyekuwa nahitaji kufundishwa.

Binti yangu alikuwa na miaka 11. Alichukua daftari la mistari, akachora msitari katikati, kushoto neno la babu, kulia maana kutoka kwa bibi wa michembe. Neno la kwanza ni minzi, maji. Aliandika pia matusi mawili, bibi akakataa kuyatafsiri, upande wa kulia pakabaki wazi. Mtoto alikwenda haraka kuniacha. Ikafika mahali nikitoka Mwaloni nawakuta wanacheka, nauliza mnacheka nini, ananiambia, "Mama, ukitafsiri haichekeshi."

Pesa sitaizungumzia sana. Mwenye mgonjwa wa muda mrefu anajua, na asiye naye atadhani natia chumvi. Pampasi za watu wazima, dawa, bajaji, mazoezi, kijana wa kuogesha. Tulifungua kundi la familia kwenye WhatsApp. Kaka yetu wa Dar alikuwa anatuma sauti ndefu za kututia moyo, zinakula bando. Kuna ndugu waliokuja kumwona mgonjwa, wakala wali na sato, wakaniambia nisimlaze upande wa kushoto, wakaondoka. Sina kinyongo nao, ila huyo wa upande wa kushoto namkumbuka.

Mwezi wa nne wa ugonjwa mdogo wangu akapiga simu. Baba alikuwa na ng'ombe 14. Tuuze 3, alisema. Nikamwambia uza. Tukakubaliana kutomwambia baba, kwa sababu daktari alisema asipandishwe presha, na kwa sababu tuliogopa. Alipouliza habari za ng'ombe, na aliuliza kila wiki, binti yangu alikuwa anatafsiri swali, mimi natunga jibu: wapo, wanakula vizuri. Mtoto alikuwa anajua ukweli. Alitafsiri uongo wangu neno kwa neno, hakutazama juu kutoka kwenye daftari.

Miaka ilikwenda. Mguu ulirudi kabla ya mkono, mkono haukurudi. Akaanza kusimama, kisha kutembea na fimbo ya miguu minne, kisha kugombana nami kuhusu chumvi. Kiswahili nacho kikaanza kuchungulia, neno hapa, neno pale, mara nyingi majina ya vitu vya ofisini: stakabadhi, wino, mhuri. Dawa za presha anameza mbele yangu, kila usiku, kisha anafungua mdomo nione. Mchezo huo aliubuni mwenyewe baada ya kuliona lile kopo kabatini.

Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo rasmi ni Daraja la J.P. Magufuli, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Mwezi uliofuata tulikodi Noah tukampeleka baba nyumbani, mara ya kwanza tangu aondoke. Ni kama kilomita 3 za lami juu ya maji. Baba alikuwa amekaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa akingoja tusimame. Akauliza kwa Kiswahili, "Kivuko?" Binti yangu akamjibu kutoka nyuma, "Babu, tumeshavuka." Akageuza kichwa taratibu kutazama tulikotoka, na dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Ng'ombe walirudi jioni. Mdogo wangu alinivuta pembeni ya nyumba akaninong'oneza kwamba nisihofu, hesabu imekaa sawa: ndama wamezaliwa, wako 14 kamili. Tukamwekea baba kiti pale pale mlangoni pa zizi. Wakaanza kuingia, vumbi, mwanga wa jioni umewapiga migongoni. Baba akanyanyua mkono wa kushoto akawahesabu kwa kidole, imo, ibili, idatu, bila haraka, mpaka ikumi, akashusha pumzi, akamalizia wanne. Nikaona mabega ya mdogo wangu yakilegea.

Baba hakushusha kidole. Alikielekeza kwa ndama mmoja. Kisha kwa mwingine, aliyesimama nyuma ya mama yake. Kisha kwa wa tatu. Akawatazama muda mrefu, akisugua kidole gumba na cha shahada. Halafu akageuka, si kwa mdogo wangu, kwangu mimi.

"Mayu," akasema. "Idatu."

Mdogo wangu akaanza kujieleza, kwa Kisukuma, haraka haraka, mikono miwili hewani. Mimi nikamwita binti yangu alete daftari.